UZI: Kabla hamjauza parsele (kiwanja) ili mgonjwa wenu apandikizwe figo

Mwana_wa_Katuba

Wakubwa kwa wadogo, salamu kutoka Lubumbashi. Tangu yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, arudi kutoka India na figo ya mdogo wetu wa mwisho, watu hawaachi kuniuliza pembeni: «Mlitoa dola ngapi?» Naona heri niandike mara moja hapa, wote wasome. Mimi si daktari, nilikuwa msindikizaji. Wenye taaluma waongeze, na nikiteleza wanirudi.

Bei kila mtu anaiuliza kwanza, na kwangu mimi ni swali la mwisho. Hospitali nyingi za India huwatajia wageni kati ya dola 13,000 na 20,000 kwa figo. Hapo hamna tikiti za watu watatu, hamna kodi ya nyumba, hamna dialisi (mashine ya kusafisha damu) ya kusubiria tarehe, wala vipimo vya mtoaji wa pili kama wa kwanza amekataliwa. Ombeni hesabu kwa maandishi, iseme kinachoingia na kisichoingia. Mpokeaji hubaki kule miezi miwili hadi mitatu, mtoaji anaweza kurudi baada ya wiki tatu au nne.

Swali lenyewe ni hili: nani atanunua dawa mwaka wa tano?

Hata ikikaa miaka kumi, mwili haukubali kuwa figo hiyo ni yake. Kinga inaiona mgeni na inataka kuifukuza, kama inavyofukuza vijidudu. Kwa hiyo mgonjwa anameza dawa za kuituliza hiyo kinga, asubuhi na jioni, saa zile zile, mpaka siku figo itakapochoka. Kwa wengi ni tatu: takrolimusi, mikofenolati na prednisoni. Huwezi kuruka wiki moja kwa kuwa mshahara umechelewa.

Anayedhani hizo dawa ni biashara ya wazungu, mwambieni habari ya Boston. Figo ya kwanza kupandikizwa na kudumu ilikuwa Desemba 1954, kwa Daktari Joseph Murray. Ilidumu kwa sababu Richard Herrick aliipokea kutoka kwa Ronald, pacha wake wa kufanana, damu moja, nyama moja, na kinga haikuona mgeni. Richard aliishi miaka minane zaidi, akaoa, akazaa. Ronald aliyetoa aliishi na figo moja hadi 2010. Ambaye hakuwa na pacha alikuwa na matumaini madogo mpaka dawa zilipopatikana, na ni dawa ya siklosporini, miaka ya mwanzo ya 1980, iliyofanya kazi hii kuwa ya kawaida duniani.

Sasa angalieni tunavyofanya sisi. Mtu akianza dialisi, ukoo unakutana, kanisa linachanga, mjomba anauza parsele ya Ruashi, tunamsindikiza mgonjwa uwanja wa ndege wa Luano kwa nyimbo. Akirudi, kila mtu anaona kazi imekwisha. Anaenda misa, mashavu yamejaa (hayo mashavu ni prednisoni, si afya), nani atamchangia mtu mnene? Figo inaanza kufa polepole kwa kukosa vidonge, na hamtasikia maumivu yoyote ya kuwashtua.

Msimamo wangu, na najua utaudhi wengine: kama familia haina mpango wa dawa na vipimo vya miaka mitatu ya mbele, isinunue tikiti bado. Dialisi ya uhakika ni bora kuliko figo mpya isiyo na dawa, kwa sababu ile figo ilitoka tumboni mwa mtu.

Na msidhani ni kupona moja kwa moja. Figo za zamani kwa kawaida haziondolewi, hubaki mahali pake mgongoni zimelala. Mpya inawekwa chini ya tumbo upande mmoja, inaungwa na mishipa ya kwenda mguuni na kibofu. Iliyotoka kwa mtu aliye hai hudumu kwa wastani miaka 15 hadi 20. Nyingine zinakufa mapema, nyingine zinapita hapo. Ikichoka unarudi dialisi, na unaweza kupandikizwa tena.

Papa_Kamalondo

Asante mwanangu. Lakini sisi wazee tuna hofu nyingine. Vijana wanasema mtu ananyweshwa kitu kwenye baa, anaamka asubuhi na mshono, figo imekwenda. Tunawatumaje watoto India katika mambo kama hayo?

Enfirmie_wa_Dialisi

Papa, heshima yako. Hiyo ya baa iacheni kwenye baa. Figo haichomolewi kwa kisu cha chumbani na kuuzwa kwa mtu yeyote. Lazima kundi la damu likubaliane, wapime chembe za kinga za pande zote mbili, kisha krosimachi: damu ya mpokeaji inachanganywa na chembe za mtoaji waone kama inazishambulia. Ikizishambulia, upasuaji ule haufanyiki mpaka mwili wa mpokeaji utibiwe kwanza, na matibabu hayo ni ghali, au atafutwe mtoaji mwingine. Na kunahitajika chumba cha upasuaji, watu wengi, na figo kuwekwa kwenye barafu na kupandikizwa ndani ya saa chache, ikichelewa sana siku moja na nusu.

Wizi uliopo unakuja na tabasamu na karatasi. Komisionere (dalali) anamkuta kijana mwenye deni, anamwahidi dola, anamfundisha kusema «mimi ni binamu yake». Mwaka 2023 mahakama ya London ilimfunga Ike Ekweremadu, seneta mkubwa wa Nigeria, pamoja na mke wake na daktari mmoja, kwa kumleta kijana kutoka Lagos ili atoe figo kwa binti yao. Waliwaambia madaktari kwamba ni ndugu. Madaktari walitilia shaka, figo haikutolewa, na kijana mwenyewe baadaye akaingia polisi. Kama seneta ameanguka, wewe wa Kampemba komisionere wako atakuokoa nini?

Mwana_wa_Katuba

Na Kenya (nchi, si komuni yetu ya Kenya) mwaka 2025 serikali ilisimamisha kazi ya kupandikiza figo kwenye hospitali moja ya Eldoret ili kuchunguza tuhuma za biashara hiyo hiyo. Mtu akikuandikia kwamba «mtoaji yupo tayari, ninyi leteni mgonjwa tu», funga simu.

Kitoko_Kampemba

Bandugu, mi niko na kiulizo kimoja. Banasemaka ati O anaweza kutolea kila mutu. Mi niko O, bibi yangu wa ndoa njo mugonjwa, eko A. Tuende?

Enfirmie_wa_Dialisi

Kwa kundi la damu, ndiyo, mtu wa O anaweza kumtolea A, B, AB na O. Shida iko upande wa pili: mgonjwa wa O anapokea kwa O tu. Rhesus, ile plasi na minasi, haina uzito kwenye figo.

Lakini bibi yako amezaa na wewe? Nauliza kwa sababu mimba inamfundisha mwanamke kupigana na chembe za baba wa mtoto. Mwanamke aliyezaa watoto wengi na mume wake anaweza kuwa na askari tayari ndani ya damu wanaomngojea mume huyo huyo. Krosimachi itasema. Mwanaume anayepokea kwa mke wake hana tatizo hilo la mimba.

Kitu kingine kinacholeta askari hao ni damu ya kuongezewa. Hapa tunaona mgonjwa wa figo anapungukiwa damu, familia inakimbia kutafuta chupa mbili, baada ya mwezi mbili tena. Kila chupa inaweza kumfungia milango ya watoaji. Kama hali si ya kufa na kupona, ulizeni daktari juu ya sindano za eritropoyetini, za kuusukuma mwili utengeneze damu, pamoja na dawa ya chuma. Ni ghali, lakini hesabuni.

Dada_wa_Bel_Air

Sisi tuko watano kwa mama mmoja baba mmoja. Inaonekana yule anayefanana na mgonjwa sura ndiye atafaa?

Enfirmie_wa_Dialisi

Sura haina habari. Ndugu wa tumbo moja na baba mmoja, kila mmoja ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana kabisa na mgonjwa kwa zile chembe za kinga, 2 kati ya 4 ya kulingana nusu, na 1 kati ya 4 ya kutolingana kabisa. Mzazi na mtoto hulingana angalau nusu. Siku hizi dawa ni nzuri, hata kutolingana hakuzuii, ila kulingana kunasaidia figo iishi zaidi.

Na hapa niseme kitu ambacho hospitali nyingi zinakisema kwa sauti ya chini. Vipimo hivi vinaweza kuonyesha kwamba baba si baba. Nimeona familia imefika kwenye matokeo na mama anaanza kulia kabla karatasi haijafunguliwa. Kama mna wasiwasi huo ndani ya nyumba, mwambieni daktari mapema nani asomewe nini. Mgonjwa anatafuta figo, asije akapoteza baba.

Ruashi_Bila_Jina

Nimefungua akaunti hii kwa ajili ya uzi huu tu. Mimi ndiye nilichaguliwa. Kaka yetu mkubwa ndiye anayelisha ukoo, figo zake zilikufa kwa presha. Baraza la familia lilikaa bila mimi. Nilipoitwa, baba mdogo akaniambia: «Wewe hauna mke, hauna kazi, hizo figo mbili unazifanyia nini?» Wote wakacheka, nami nikacheka. Nikasafiri, nikapimwa, vipimo vyote vikatoka vizuri, usiku silali. Siku ya mwisho daktari wa watoaji akanibakiza peke yangu na mkalimani ambaye si wa familia, akaniuliza mara moja: unataka? Nikasema hapana. Akaniambia basi, hatajua mtu. Familia iliambiwa tu kwamba sifai kuwa mtoaji. Mpaka leo wanafikiri nina ugonjwa uliojificha. Kaka alipata figo kwa dada yetu, yuko hai. Nilitaka tu vijana wajue kwamba mlango huo upo.

Mama_Sifa_Katuba

Mwanangu, mimi ni mzazi, nakuonea huruma lakini siwezi kukusifu. Kaka yako angekufa je? Mtu anayekulisha!

Enfirmie_wa_Dialisi

Mama, kwa heshima, nakataa. Mtoaji ni mtu mzima mwenye afya anayelala mezani apasuliwe kwa faida ya mwingine. Akifa yeye tumeua. Kwa hesabu za miaka ya nyuma, kati ya watoaji 10,000 wapatao watatu walikufa kwa sababu ya upasuaji. Ni wachache, lakini wapo, na hao watatu hawapaswi kuwa watu waliosukumwa na baba mdogo. Vituo makini vinampa mtoaji daktari wake, tofauti na daktari wa mgonjwa, na vinamruhusu kurudi nyuma hadi dakika ya kuingia chumbani. Sababu wanaifunika, wanasema tu hafai. Ndugu wa Ruashi, hukumwibia kaka yako chochote.

Mwana_wa_Katuba

Niko na Enfirmie. Na ona nani anachaguliwa kila mara kwenye hizo baraza zetu: asiye na kazi, mwanamke ambaye hajaolewa, yatima aliyelelewa nyumbani. Sijasikia hata siku moja baraza limeanza na mwenye magari mawili.

Mama_Makala

Hodi humu. Mimi nilitoa kwa mwanangu, nilisema mwenyewe kabla ya mtu kuniuliza. Nauza makala (makaa ya kupikia) soko la Kenya. Wanatoboa matundu madogo tumboni, wanaingiza kamera, figo inatoka kwa mkato mdogo chini kama ule wa kuzalishwa. Nilikaa kitandani siku chache tu. Kilichonisumbua ni bega, hewa wanayojaza tumboni inapanda huko, hakuna aliyenionya. Wiki sita nisibebe kitu kizito, kwa hiyo mfuko wa makala alibeba shemeji na biashara ilishuka. Mkipanga pesa, mpangieni mtoaji cha kula nyumbani, si mgonjwa peke yake.

Figo iliyobaki inakua kidogo, inafanya kazi ya wenzake. Kila mwaka napima presha, mkojo na kreatinini, ile taka ya kwenye damu inayoonyesha figo inafanyaje kazi. Walinikataza zile dawa za maumivu tunazonunua hovyo, diklofenaki na ibuprofeni. Nikiumwa mgongo, parasetamoli tu. Kwa wasichana: daktari alisema aliyetoa akipata mimba baadaye hatari ya presha ya mimba inapanda, kwa hiyo mtoaji ambaye bado anataka kuzaa aelezwe hilo kabla hajasaini.

Kitoko_Kampemba

Mama Makala, Mungu akubariki. Na mutu wa SS anaweza kutoa?

Enfirmie_wa_Dialisi

Mwenye SS, yaani sikoseli, hapana, ugonjwa wenyewe unakula figo. Mwenye AS, aliyeibeba bila kuugua, anachunguzwa zaidi, wapo wanaokubaliwa na wapo wanaokataliwa. Mwenye kisukari kwa kawaida hapana. Mwenye presha inategemea umri na inavyotawaliwa. Chini ya miaka 18 hapana, hata akilia kwamba anataka.

Bukavu_Nguba

Kwetu Bukavu mtu anawaza njia kwanza. India ni mbali, pesa zenyewe kuzipata siku hizi ni vita. Karibu hakuna?

Mwana_wa_Katuba

Kuna, na inaongezeka. Muhimbili, Dar es Salaam, walianza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ikafuata 2018. Kigali, King Faisal ilianza 2023, kwako ni kuvuka mto Ruzizi. Uganda walipitisha sheria yao 2023 na Mulago wakafanya ya kwanza Desemba mwaka huo. Kote huko, ulizeni kwanza kama wanampokea mgeni na kwa masharti gani, kwa sababu hospitali kupandikiza haina maana itampandikiza mtu wa nje. Afrika Kusini, ambako watu wetu wa Lubumbashi hukimbilia, sheria inataka kibali cha maandishi cha Waziri wa Afya kwa asiye raia wala mkaazi wa kudumu. Wengi wanafika Johannesburg hawajui.

Faida ya karibu si bei tu. Kliniki ya kila mwezi unaifikia kwa basi.

Dada_wa_Bel_Air

Karatasi za India je?

Mwana_wa_Katuba

Hapo ndipo familia zinakwama. India ina sheria ya 1994, ikakazwa 2011. Ndugu wa karibu kwao ni mume au mke, wazazi, watoto, ndugu wa kuzaliwa, babu na bibi, wajukuu. Mtoto wa baba mkubwa, ambaye sisi tunakula naye sahani moja, hayumo. Na mgeni yeyote lazima apite mbele ya kamati ya idhini, na ubalozi wa nchi yake uandike barua kuthibitisha undugu. Mhindi asiye ndugu yako hawezi kukutolea, kwa hiyo anayekuahidi mtoaji wa kule kule anakupeleka jela.

Sasa undugu unathibitishwa kwa vyeti vya kuzaliwa, na nusu yetu hatuna. Itabidi kwenda mahakama kutafuta hukumu ya kuziba pengo hilo, ile wote tunaita sipletifu, ndipo ofisi ya komuni iandike cheti. Jina la baba liandikwe sawa kwenye karatasi zote. Tofauti ya herufi moja, Ilunga na Ilungu, kamati inawarudisha. Anzeni karatasi siku ile ile mnapoanza kuchanga pesa. Viza ni ya matibabu kwa mgonjwa na ya msindikizaji kwa wengine. Msiende na viza ya utalii.

Tantine_Liège

Kutoka Ubelgiji. Huku wengi wanapokea figo ya marehemu. Sheria ya 1986 inamhesabu kila mtu amekubali kutoa, isipokuwa alikataa akiwa hai. Watoto wangu wanauliza: mtu amekufaje na moyo unapiga? Ni kifo cha ubongo. Mashine inapumua, lakini ubongo wote umekufa, haurudi, na madaktari wanaothibitisha si wale wanaopandikiza. Tofauti na koma, mtu wa koma anaweza kuamka.

Muda ndio mchezo. Moyo unavumilia saa nne hadi sita nje ya mwili, figo zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu akiwa kwenye orodha simu yake haizimwi.

Papa_Kamalondo

Na moyo kweli wanabadilisha? Tulisikia habari za Cape Town tukiwa wadogo.

Tantine_Liège

Ndiyo Papa, Christiaan Barnard, tarehe 3 Desemba 1967, Groote Schuur. Yule mgonjwa, Louis Washkansky, aliishi siku 18 na akafa kwa maambukizi ya mapafu: kinga ilizimwa sana. Leo wenye moyo wa kupandikizwa wengi wanapita miaka kumi.

Kitoko_Kampemba

Minasikia sasa banaweka ya ngulube 😂

Enfirmie_wa_Dialisi

Machi 2024, Boston tena, figo ya nguruwe aliyebadilishwa chembe za urithi. Mgonjwa alifariki Mei. Ni utafiti, si kitu cha kungojea ukiwa kwenye dialisi leo.

Mama_Sifa_Katuba

Mwanangu Enfirmie, tuache ubishi wa juzi. Mkwe wangu anarudi karibuni na figo mpya. Ale nini? Shangazi yake ameanza kuchemsha mizizi ya kusafisha damu.

Enfirmie_wa_Dialisi

Mama, hiyo sufuria imwageni leo. Mizizi mingine inabadilisha kiasi cha takrolimusi kwenye damu, mingine inaua figo yenyewe. Miaka ya 1990 Brussels wanawake waliokunywa dawa za majani za kupunguza mwili, zilizokuwa na mmea wa aristolokia, waliishia dialisi, baadhi na saratani ya njia ya mkojo. Zilikuwa dawa za kliniki, zimefungwa vizuri.

Pamplemusi (balungi) marufuku, tunda na juisi, maisha yake yote. Inazuia mwili kuvunja takrolimusi, dawa inajaa kama sumu. Bukari (ugali), sombe (majani ya muhogo), samaki wa Kapolowe aliyepikwa akaiva: sawa. Makayabu (samaki wa chumvi) yalowekwe chumvi itoke, presha ni adui. Maji achemshe. Munkoyo wa mtaani, kile kinywaji cha mahindi na mizizi, aachane nao miezi ya mwanzo. Na zile sheria za dialisi za kupima maji na kukimbia ndizi zinalegea figo ikifanya kazi, lakini kwa neno la daktari, takrolimusi yenyewe inaweza kupandisha potasiamu.

Dawa za duka: hata antibiotiki asinunue mwenyewe. Eritromisini na flukonazoli zinapandisha takrolimusi. Rifampisini ya kifua kikuu inaiangusha hadi figo ikataliwe. Akikohoa wiki mbili aende apimwe, kifua kikuu kinawapenda watu wa kinga ndogo, lakini aseme mlangoni kwamba amepandikizwa. Malaria hivyo hivyo: neti kila usiku, na homa yoyote ni hospitali siku hiyo hiyo, si kesho.

Mkojo kupungua, miguu kuvimba, maumivu pale figo ilipo, presha kupanda: akimbie. Ila mara nyingi kukataliwa kunaanza kimya na kreatinini ndiyo inasema, kwa hiyo vipimo havikosi hata akijisikia mzima. Kukigunduliwa mapema kunatibika. Prednisoni na takrolimusi zinaweza pia kuleta kisukari, apimwe sukari. Na kama ni mwanamke: mikofenolati inaharibu mtoto tumboni. Mimba ipangwe na daktari, angalau mwaka baada ya upasuaji, dawa ikishabadilishwa.

Mwana_wa_Katuba

Ongeza na chanjo, Enfirmie, hiyo iliwashika watu uwanja wa ndege.

Enfirmie_wa_Dialisi

Kweli. Chanjo ya homa ya manjano ni ya kirusi hai, aliyepandikizwa haruhusiwi kuipata. Na Kongo huingii bila ile kadi ya manjano. Kwa hiyo mgonjwa achanjwe kabla, angalau wiki nne kabla ya upasuaji, kama daktari wake hana kipingamizi. Kadi ni ya maisha tangu 2016. Aliyepitwa aombe barua ya daktari ya kusamehewa, yenye muhuri, akae nayo pamoja na pasipoti. Surua ni hivyo hivyo, chanjo hai. Hepatiti B nayo imalizwe mapema wakati bado kinga ina nguvu.

Ruashi_Bila_Jina

Kaka yangu dawa alizoletewa mara ya pili zina rangi tofauti na jina lingine. Famasia inasema ni kitu kimoja.

Enfirmie_wa_Dialisi

Inaweza kuwa sawa, lakini takrolimusi haibadilishwi kwa neno la famasia. Zipo za mara mbili kwa siku na zipo za mara moja, majina yanafanana, na watu wameumia hapo. Amtumie daktari wake picha ya boksi, kisha apimwe kiasi kwenye damu baada ya siku chache. Na nyie mliokaribia kuondoka: kabla ya kutoka Lubumbashi ulizeni maabara gani itapima takrolimusi mkirudi, majibu yanachukua siku ngapi, na nani atayasoma.

Mama_Sifa_Katuba

Mkwe anapita Addis Ababa. Dawa aziweke wapi?

Enfirmie_wa_Dialisi

Mfuko wa mkononi, Mama, zote, ndani ya maboksi yake na barua ya hospitali. Sanduku likipotea Addis atabaki bila figo. Saa za dawa akubaliane na daktari kabla ya kupanda ndege, maana Delhi na Lubumbashi zinapishana saa tatu na nusu. Akifika, kliniki ya kwanza asiikawize. Damu ya kupima takrolimusi inatolewa asubuhi, zikiwa zimepita saa 12 tangu dozi ya jioni, kabla hajameza ya asubuhi. Akimeza kwanza kipimo kinatoka cha uongo na daktari anapunguza dawa bure. Kwa hiyo siku hiyo vidonge vya asubuhi avibebe mfukoni, avimeze akishatolewa damu.